Mawe ya Bluu Waliyotugawia Bure

Majina sitayaandika. Siyo kwa woga. Wenye majina wana watoto, na mtoto hakuchagua tumbo la kutokea. Lakini vyeo vyao nitavitaja kimoja kimoja: mwenyekiti wa kijiji, meneja wa kampuni, mtaalamu wa miamba. Mtu wa upande wetu wa Misungwi akisoma hapa atajua namsema nani, na wao wenyewe wakisomewa watajijua, maana kusoma wanajua sana. Kusoma ndiko kulikotumaliza.

Mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa kiwandani Nyakato, Mwanza, nafunga marobota ya vitambaa, mpaka serikali ilipoanza kuuza viwanda vyake. Tukaitwa kwa makundi chini ya mti wa getini, tukaambiwa tumepunguzwa, kama vile sisi ni chumvi iliyozidi kwenye mboga. Bwana aliyetusomea karatasi alikuwa na kitambi cha kiwanda hicho hicho. Akatuambia sasa ni wakati wa soko huria, kila mtu asimame kwa miguu yake. Akapanda gari la kiwanda akaondoka.

Kiinua mgongo changu chote nilinunulia mabati. Watu wa pale mtaani walinicheka, wakasema wenzako wanafungua vibanda vya mitumba, wewe unabeba mabati kwenda porini. Sababu ya mabati ilikuwa mama.

Mama yangu alikuwa mjane, anakaa peke yake kwenye nyumba ya miti na udongo aliyoiacha baba. Paa la nyasi lilikuwa limechoka. Mvua zikianza, maji yanamfuata kitandani, na kifua kinambana mpaka mbavu zinamuuma kwa kukohoa. Mganga wa zahanati aliniambia waziwazi: dawa nitampa, lakini huyu mama dawa yake ni kulala pakavu. Basi nikaweka nadhiri. Kabla ya mvua mbili kupita, mama atalala pakavu. Sikuwa na jambo jingine kichwani. Mke wangu alisema nimeoa mara ya pili, nimemuoa mama yangu. Nilimwacha aseme.

Nyuma ya boma letu palikuwa na sehemu ya ardhi ya mviringo, kama mtu kaichora kwa kamba. Nyasi za pale zilikuwa za kijani wakati kwingine kote kumekauka, na vichuguu vya pale vilikuwa na punje nyekundu kama damu iliyoganda, na nyingine nyeusi, nzito. Tulipokuwa wadogo tulizichambua kwenye udongo tukazijaza mifukoni, mama akatuchapa kwa kutoboa kaptula. Hakuna aliyejua kwamba mchwa ndio waliokuwa wanazitoa chini huko, punje moja moja, kama wanatupigia kelele.

Kampuni ilikuja mwaka huo huo niliorudi. Naiita kampuni kwa sababu ndivyo walivyoandika kwenye mlango wa gari. Ukweli lilikuwa gari moja, lori moja, mashine moja ya kuvuta maji, kinu kimoja cha kusagia mawe kilichonunuliwa kikiwa kimekufa, na meneja. Meneja huyu zamani alikuwa karani wa pamba kwenye chama cha ushirika. Ushirika ulipoanguka yeye hakuanguka, aliteleza tu akatua kwenye kiti kingine. Alivaa miwani myeusi hata akiwa ndani ya nyumba.

Walikuja na mtaalamu, msomi mwembamba wa chuo, ana nyundo ndogo na kioo cha kukuzia vitu amekining'iniza shingoni. Yeye ndiye aliyetueleza habari ya ile duara. Alisema zamani sana, kabla ya watu, chini kabisa palikuwa na moto, mawe yamekuwa uji. Uji ule ukasukumwa juu kwa nguvu, ukatoboa ardhi kama mtu anavyotoboa jipu, ukaja mpaka juu ukapoa. Ukabaki umeganda kwenye tundu lake kama bomba lililojaa, pana juu, jembamba kadri unavyoshuka. Ndiyo ile duara. Ni mdomo wa bomba.

"Kwa hiyo almasi imezaliwa humo," mwenyekiti akasema, akijifanya kaelewa.

"Hapana, mzee. Almasi imezaliwa chini zaidi, mbali sana. Mwamba huu ni lori tu. Umepita kule, umebeba abiria, umekuja kuwashusha hapa."

"Na nauli?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka. Nikiri kwamba siku hiyo nilimpenda. Mtu msomi anayekueleza jambo kubwa kwa maneno ya sokoni, unamwona ni ndugu yako. Huo ndio upumbavu wangu wa kwanza.

Nikapata kibarua cha kuchimba. Juu tulikuta udongo wa njano, laini, tunauchota na kuuosha kwenye chekeche bila shida. Vijiwe vichache vilipatikana, meneja akavitia kwenye kichupa cha dawa, hatukuviona tena. Tuliposhuka zaidi ya kimo cha watu watatu, udongo wa njano ukaisha, tukagonga mwamba wa bluu.

Nataka nieleze ugumu wa jiwe lile, kwa sababu ndiko kesi yote iliko. Nyundo ya ratili kumi na mbili ilikuwa inaruka. Tindo zilikuwa zinarudi juu zimekunja ncha kama mkia wa mbwa. Tukipasua bonge moja mchana kutwa, linatoka safi, bluu yenye ukijani, na likimwagiwa maji linang'aa kama mgongo wa samaki aliyetoka ziwani sasa hivi. Mimi nimelelewa kwenye mawe. Kwetu Mwanza mawe yako kila mahali, majabali yamekaa juu ya milima na ndani ya maji, babu wa babu yetu aliyakuta na sisi tutayaacha. Mtu wa kwetu akikutana na jiwe gumu hana swali. Jiwe gumu ni jiwe la kudumu. Nani aliwahi kuona jiwe linaoza?

Kinu chao hakikuweza kulisaga. Kililia siku mbili kikanyamaza. Marundo ya mawe ya bluu yakajaa pembeni ya shimo mpaka tukakosa pa kupita. Hapo ndipo meneja alipopata huruma.

Uliitishwa mkutano. Mwenyekiti akasimama na kofia yake ya chama; wakati huo vyama vilikuwa vimekuwa vingi na yeye alikuwa na kofia mbili, kila moja na mfuko wake. Akasema mwekezaji ametukumbuka. Kila kaya itapewa mawe ya kujengea, bure, na lori la kampuni litafikisha mpaka mlangoni. Akasema kijiji chetu kitakuwa cha kwanza wilayani kuwa na nyumba za mawe, na anayependa kuendelea kulala na mchwa asilazimishwe.

"Bure kabisa?" akauliza bibi mmoja.

"Bure kabisa, bibi. Unaweka dole gumba tu kwenye karatasi, kuonyesha umepokea."

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema umepokea, bibi. Sasa inaweza kusema nini kingine?"

Karatasi zilikuwa ndefu kuliko neno umepokea. Hilo hata mtu wa darasa la nne angeliona, na mimi nililiona. Nikajiambia wasomi ndivyo wanavyoandika, neno moja wanalivalisha nguo saba. Nikachovya dole kwenye wino kwa niaba ya mama. Mwenyekiti akanipigapiga begani. Nasikia mkono ule mpaka leo.

Kaya zilizokubali zilikuwa kama ishirini. Sisi wa rika letu tulisaidiana kama tunavyosaidiana kulima: leo kwako, kesho kwangu, wimbo mbele, pombe ya mtama nyuma. Nyumba ya mama ilikuwa ya tatu. Vyumba viwili na baraza, mawe kwa udongo, mabati yangu juu. Fundi alitaka tupige lipu nje. Nikakataa. Nilitaka watu wayaone mawe. Nyumba ya mawe ukiifunika kwa lipu, itatofautianaje na ya matofali? Fundi akasema haya, nyumba yako. Watu wote tuliojenga tulikataa lipu. Tulishindana nani ukuta wake una bluu iliyokolea, na jioni wengine walikuwa wanamwagia kuta zao maji ili zing'ae. Walikuwa wanaziharakisha kufa, sasa ndiyo naelewa.

Siku ya mama kuhamia nilimwalika mtaalamu aje kula. Nilitaka aione. Mama alichinja jogoo, akasonga ugali wa mtama kwa mkono wake. Mtaalamu alizunguka nyumba yote, akagusa ukuta, akatoa kile kioo chake akaliangalia jiwe moja kwa karibu, muda mrefu. Mama akamuuliza kwa heshima, kama anavyomuuliza daktari.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe unayejua mawe. Hili jiwe ni zuri?"

Mtaalamu akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akaangalia bakuli.

"Ni jiwe zuri, mama," akasema. Akachukua paja.

Nimewahi kutukanwa na wasimamizi, nimewahi kuibiwa na polisi, nimewahi kupigwa na walevi. Wote hao siwapi nafasi aliyonayo huyu. Wao walinijia kwa mbele. Huyu alikaa kwenye kigoda cha mama yangu, akafyonza mfupa wa kuku wake, na kumbe chuoni walimfundisha somo zima kuhusu lile jiwe, na alikuwa anajua siku zake zilizobaki kama mganga anavyojua za mgonjwa.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri. Mama hakukohoa. Aliamka anafagia baraza yake, anapokea wageni kutoka vijiji vingine wanaokuja kushangaa. Wengine walitoka Sengerema, wakavuka ghuba, wakaja kuona nyumba ya mama wa mtu aliyefukuzwa kiwandani. Nilitembea na mabega juu. Mke wangu alisema nimeanza kuongea kama mwenyekiti.

Dalili ya kwanza aliiona mama. Alikuja kwangu asubuhi, anacheka.

"Kuku wanakula nyumba yangu," akasema.

"Wanakulaje nyumba, mayu?"

"Njoo uone. Hawataki mtama. Wanadonoa ukuta."

Nikaenda. Kweli kuku walikuwa wamejipanga chini ya ukuta wa mashariki, ule unaopigwa na jua kwanza, wanadonoa. Nilipitisha kidole kwenye jiwe, likatoa unga na punje, kama mkate uliokauka. Zikaanguka zile nyekundu, zile nyeusi. Nikamwambia mama ni vumbi la udongo wa kujengea. Yeye alikuwa amelea kuku miaka hamsini, hakuwahi kuwaona wanakula jabali.

Nilipaswa kupiga lipu siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwanza kumwuliza meneja. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Jiwe linapumua," akasema. "Likimaliza kupumua linatulia. Msiliguse."

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama kwamba jiwe linapumua. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mvua zilipoanza, kuta za kijiji kizima zilianza kuvimba. Jiwe lililokuwa linakunja tindo likawa linameguka kwa kucha. Lilikuwa linachubuka ngozi moja, chini yake ngozi nyingine, kama kitunguu. Maji yalikuwa yanatoka ukutani yamekuwa uji wa kijivu. Mama akaanza kukohoa. Nikakata miti, nikaanza kuegemeza ukuta wa mashariki mchana mmoja, nikamwambia mama akae jikoni nje mpaka nimalize. Huo ndio uamuzi pekee wa akili nilioufanya katika habari hii yote. Nikiwa napigilia mti wa tatu, ukuta haukuanguka kama ukuta unavyoanguka. Ulikaa chini. Ulishuka kama mtu aliyechoka, ukanifunika mpaka kifuani, na mabati yakaja juu yake. Majirani walinifukua kwa majembe na kwa mikono. Bega langu la kushoto halijarudi mahali pake mpaka leo, na mbavu mbili zilivunjika.

Kila anayenijua ananiambia nilipona kwa bahati. Nilipona kwa sababu jiwe lilikuwa limeshaoza. Lingekuwa jiwe la kweli lingeniua.

Wiki ile ziliinama au kuanguka nyumba zaidi ya nusu. Mvua zilipopumzika, lori la kampuni likaja. Tulidhani wanaleta msaada. Walishuka meneja, mwenyekiti, mtaalamu, na karatasi zetu zenye madole. Nyumba ya mama ndiyo ilikuwa ya kwanza njiani, kwa hiyo walianza na sisi. Meneja akanisomea kwa sauti ya kanisani: mawe yote yanabaki kuwa mali ya kampuni, popote yalipo na kwa hali yoyote yatakayokuwa, na kampuni inaweza kuyachukua wakati wowote nyumba isipotumika.

"Mnataka matope?" nikauliza. Nilikuwa nimefungwa bega kwa khanga ya mama.

Meneja akamgeukia mtaalamu. "Mweleze."

Akanieleza. Hata aibu hakuona, au kama aliona aliimeza kama alivyomeza kuku. Alisema mwamba ule ukitoka chini ni mgumu, lakini ukipata jua na mvua unajipasua wenyewe, taratibu, mpaka unakuwa udongo. Zamani makampuni makubwa ya nchi nyingine yalikuwa yanautandaza uwanjani na kuusubiri msimu mzima uive, kwa sababu hivyo hawakuwa na haja ya kuusaga. Ukishaiva unaoshwa, almasi inabaki.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa uwanja wenu," nikasema.

"Kinu kilikuwa kimeharibika," akajibu. Kama vile hilo ni jibu.

Mwenyekiti akatia neno, akasema nisilete siasa, jambo limeshatokea, na kampuni imekubali kutusafishia kifusi bila malipo. Bila malipo, kwa mara ya pili. Mtu yule alikuwa na neno moja tu la kuuzia watu na halikumchakaa mdomoni.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa nikisimulia kwa mdomo. Meneja alisema anahitaji vibarua wa kupakia, watalipwa jioni. Nyumbani kwangu watoto walikuwa wanakula mara moja kwa siku, mahindi yalikuwa bado machanga, kiinua mgongo kilikuwa kimelala juu ya matope kikiwa kimejikunja. Nikachukua sepetu. Kwa mkono mmoja wenye nguvu na mmoja wa kuegemea, nilipakia nyumba ya mama yangu kwenye lori.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, ananitazama. Baada ya lori kujaa nusu alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umepata kazi, ng'wanawane?"

"Nimepata, mayu."

"Haya."

Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maji, akawanywesha wapakiaji wote mmoja mmoja. Mimi pia alinipa, wa mwisho.

Sijui walipata nini humo. Waliosha ndani ya uzio. Miezi michache baadaye meneja alibadilisha gari, mwenyekiti akaezeka nyumba yake upya, na nyumba hiyo ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye lipu. Yeye hakuwahi kuchukua jiwe hata moja la bluu. Hilo hatukuliona wakati ule, macho yetu yalikuwa kwenye kuta zetu.

Mtaalamu nilikutana naye miaka iliyofuata, stendi ya Nyegezi, anasubiri basi. Amenenepa. Alinitambua yeye kwanza, akaniamkia shikamoo. Sikuitikia.

"Nilikuwa kwenye mafunzo," akasema. "Ningesema wangenifukuza. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mzee?"

"Ningekataa kuku."

Basi lake likaja akapanda, akakaa upande wa pili, ambako dirisha halikunielekea. Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengi kwa ajili yake, miaka na miaka, na hilo moja tu ndilo lililotoka.

Mama alikataa kuja kukaa kwangu. Alikataa pia nimjengee. Nilipokwenda na miti mizuri niliyoikata mwenyewe, aliniambia niipeleke kwangu, nitaihitaji kwa zizi. Wanawake wa jirani ndio waliomjengea, kwa siku chache, kibanda cha chumba kimoja cha fito na udongo wa kichuguu, nyasi juu zimeshonwa vizuri. Hawakuniita. Niliona moshi siku ya kwanza ndipo nikajua amehamia.

Kila nilipokwenda kumsalimia alinipokea kwa furaha. Shikamoo mayu, marahaba, watoto hawajambo, mke hajambo. Alinitolea kigoda nje. Chakula alinipa, tena kizuri kuliko anachokula yeye. Ikinyesha alinisogezea kigoda chini ya ukingo wa paa, tukakaa hivyo, yeye kizingitini kwa ndani, mimi kwa nje, tunazungumza habari za mashamba. Wajukuu waliingia, mke wangu aliingia, hata kuku waliingia. Mimi hakuwahi kunizuia kwa neno, ila hakuna siku aliyosema karibu ndani, na mimi sikuwa na uso wa kujikaribisha. Miaka sita.

Kifua chake hakikumsumbua tena. Alikufa kwa uzee, asubuhi, mvua ikiwa inaendelea tangu usiku. Majirani wakaniita nije kumtoa, ndiyo kazi ya mtoto wa kiume. Niliinama nikaingia mle kwa mara ya kwanza, nikasimama nimemwangalia. Kisha nikagusa ukuta kwa kiganja, upande wa kitanda, juu mpaka chini. Palikuwa pakavu.